Tela la Kambi: Umeme Wake na Baridi Yake

Wazazi waliokuja shuleni kwa mkutano wa muhula uliopita walipita karibu na karakana, wakaliona tela la kijani limeegeshwa chini ya mwembe. Paneli ya jua ya tela hilo ilikuwa imelazwa juani, mbali nalo kama hatua nane, kana kwamba imesahauliwa. Wengi waliuliza kazi yake. Mzazi mmoja alidhani ni tela la kuuzia soda, na mwingine akatushauri tuipandishe paneli juu ya paa isije ikakanyagwa na mbuzi. Makala haya ni jibu kwao. Tena ni somo kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, maana sehemu kubwa ya hesabu za umeme mnazosoma katika Fizikia imo ndani ya tela lile.

Tela hili ni la namna wanayoitumia wasafiri wa porini. Lina magurudumu mawili makubwa, springi nene, na sanduku la bati lenye milango ubavuni. Watu wa Australia na wa Afrika ya Kusini huyapenda sana matela kama haya, na huko Arusha magari mengi yawapelekayo watalii Serengeti hubeba friji ndogo zitumiazo betri. Letu tulilinunua mnadani likiwa sanduku tupu. Halikuwa na waya wowote ila ule wa taa za nyuma.

Sasa nieleze kwa nini tulilihitaji. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu huenda kupiga kambi siku tano kwa somo la Jiografia, ili waone bonde la Wembere na Ziwa Kitangiri, ambamo maji ya Wembere huingia kabla ya kutoka kwa mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu mwenye ugonjwa wa kisukari aliachwa nyumbani. Hakuwa mgonjwa siku ile, wala hakukosa ada ya safari. Aliachwa kwa sababu hujidunga insulini kila siku, na sisi walimu hatukuweza kuahidi kwamba dawa yake ingekaa salama huko porini. Mganga alikuwa ametueleza hivi: chupa za akiba zikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8, chupa iliyokwisha kufunguliwa yaweza kukaa nje majuma kama manne, mradi joto lisipite digrii 30, na insulini ikiganda barafu haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama maji safi. Sanduku la bati likipigwa na jua la mchana hupita digrii 40 bila taabu.

Mama yake alikuja ofisini, nami nikaanza kumweleza habari za masanduku ya barafu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, barafu hiyo ikiisha usiku wa pili, mtanipigia simu saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Mwanafunzi alibaki.

Friji hufanya nini hasa

Wengi hudhani friji hutengeneza baridi. Sivyo. Baridi si kitu cha kutengenezwa. Ni upungufu wa joto. Friji huchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, mfano wa mtu akumbaye maji katika mtumbwi unaovuja. Maji huingia daima, naye hukumba daima. Basi kazi ya mkumbaji hutegemea mambo mawili: nguvu ya mikono yake, na ukubwa wa tundu. Watu wakinunua friji hutazama mikono tu, wakasahau tundu.

Mtungi wa maji wa nyumbani hufanya kazi hiyohiyo bila umeme. Maji yapenyayo katika udongo hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Huko Nigeria mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, aliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga uliolowa maji katikati, na mboga zikakaa siku nyingi bila kuoza. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Singida kuna upepo mkavu, kwa hiyo chungu cha namna hiyo hufaa sana hapa kwetu. Tunacho kimoja kambini kwa nyanya na mchicha. Lakini chungu hakiwezi kushuka hadi digrii 8 katika hali yetu ya hewa, na insulini haibembelezwi.

Ziko friji za mafuta ya taa, ambazo asili yake ni uvumbuzi wa vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Zahanati nyingi za Afrika zilihifadhi chanjo kwa friji hizo kwa miaka mingi. Ila friji ya namna hiyo hutaka kusimama sawasawa kama meza ya bao, na hutaka moto. Tela lipitalo makorongo halina usawa, na moto ndani ya tela linalokwenda haufai hata kidogo. Kwa hiyo tulichagua friji ya kompresa, ya lita 40, iendeshwayo na umeme wa betri wa volti 12 moja kwa moja. Hatukutaka inveta katikati. Inveta hubadili umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani, nayo hujilia sehemu ya umeme huo kabla ya kuupitisha.

Hapa wanafunzi huniuliza habari za Erasto Mpemba. Ni kweli: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Mpemba aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea askirimu yakiganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopoa. Alichekwa darasani. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 jambo hilo likachapishwa pamoja na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wangali wanabishana juu yake hata leo. Lakini mtu asiitumie habari hiyo kuwa ruhusa ya kutia sufuria ya moto katika friji ya betri! Joto lote la sufuria ile lazima likumbwe nje kwa umeme wako.

Hesabu kabla ya duka

Simwamini muuzaji wa betri anayekutajia ukubwa wa betri unayoihitaji kabla ya kukuuliza utaitumia kwa nini. Chukueni kalamu.

Friji yetu hula ampea 4 kompresa inapozunguka. Lakini kompresa haizunguki wakati wote. Hulala na kuamka. Wanafunzi wawili walikaa na saa ya mkononi mchana kutwa na usiku kwa zamu, wakaandika kila ilipoamka na kila ilipolala. Kwa wastani ilizunguka dakika 24 katika kila saa moja, yaani sehemu 40 katika 100. Basi kwa siku nzima: 4 mara 24 mara 0.4, jumla ampea-saa 38.4. Tuseme 40, maana wanafunzi hufungua mlango kuliko ilivyo lazima. Taa mbili ndogo za nusu ampea kila moja, saa 4 kila usiku, ni ampea-saa 4. Simu sita za walimu na za dharura zilihitaji kama ampea-saa 6. Jumla ni 50 kwa siku. Zidisha kwa volti 12, upate wati-saa 600.

Betri ya risasi na asidi iliyoandikwa ampea-saa 100 haikupi 100. Ukiikamua yote kila siku itakufa mapema. Wenye busara huishia nusu. Basi betri yetu ya 100 hutoa 50, ambayo ni siku moja kamili, bila hata saa ya ziada. Betri za lithiamu hukubali kutolewa sehemu 80 katika 100 na ni nyepesi sana, ila bei yake ilitushinda. Betri ya kuwashia gari msiitumie kwa kazi hii. Imefanywa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, wala haikufanywa kwa kuchosha usiku kucha.

Kwa hiyo kila siku lazima turudishe wati-saa 600. Katika nchi yetu ya kati, wakati wa kiangazi, ni haki kuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku. Mchana una saa 12, lakini jua la asubuhi na la jioni hupiga kwa ubavu. Gawanya 600 kwa 5, upate wati 120. Tena toa kodi ya vumbi, ya waya, na ya joto lenyewe, kwa sababu paneli ikipata moto hutoa umeme kidogo kuliko ikiwa baridi. Kodi hiyo tuliikadiria kuwa sehemu 30 katika 100. Gawanya 120 kwa 0.7, ni wati 171. Dukani hakuna ya 171. Tulinunua ya 200.

Usiku wa majaribio

Kabla ya kwenda Kitangiri tulikubaliana kulijaribu tela siku mbili hapa shuleni. Jumamosi tulilifunga nyuma ya gari, tukaenda mjini Singida na kurudi, ili injini iijaze betri ya tela njiani. Mchana tukaliegesha chini ya mwembe, paneli ikiwa juu ya paa. Ndani ya friji tukatia chupa za maji tu, na kipimajoto katikati yao. Zamu ya kusoma kipimajoto ilikuwa kila baada ya saa tatu.

Saa 12 jioni kilisema 5. Saa 3 usiku, 5. Saa 6 usiku, 5 tena, nami nikaenda kulala. Saa 9 usiku mwanafunzi wa zamu alinigongea dirisha: "Mwalimu, shikamoo. Friji imenyamaza." Betri ilikuwa imeshuka mno hata friji ikajizima yenyewe, kama ilivyofanywa ijizime. Kulipokucha kipimajoto kilisema 13.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mimi mwenyewe, na nalieleza hapa kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi. Waya wa kutoka kwenye betri ya gari hadi kwenye betri ya tela niliununua mimi, tena nilichagua mwembamba ili nipunguze gharama: unene wa milimita za mraba 2.5. Umbali ni mita 7. Lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 14. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita moja yenye unene wa milimita ya mraba moja. Zidisha kwa 14, gawanya kwa 2.5: omu 0.098. Inaonekana si kitu. Lakini ampea 20 zikipita humo, volti karibu 2 hupotea njiani. Injini hutoa volti 14.2, betri ya tela hupata 12.2. Betri yenye njaa haiwezi kujazwa kwa volti 12.2. Kwa kweli ampea zenyewe hupungua, betri ikabaki ikinyonya kidogo kidogo kama mtoto aliyepewa uji kwa mrija ulioziba. Tulisafiri kwenda mjini na kurudi, na tulirudi na betri nusu.

Tuliubadili tukaweka waya wa milimita za mraba 16. Fanyeni hesabu wenyewe: omu 0.0153, na upotevu wa volti 0.3 tu. Waya huo ni mnene kama kidole na bei yake inaumiza.

Kosa la pili lilikuwa mwembe. Seli za paneli zimefungwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kisimani. Mmoja akisinzia, ndoo hukwama kwa wote. Kivuli cha tawi moja juu ya seli chache huweza kuzuia sehemu kubwa ya paneli nzima. Hapo tukaona ugomvi: friji hutaka kivuli, paneli hutaka jua, nasi tulikuwa tumezifunga pamoja kama fahali wawili kwenye nira moja. Tukaishusha paneli, tukaipa waya wa mita 6. Ndiyo sababu, wazazi wapenzi, mliiona imelala mbali na tela. Mbuzi mtatusaidia kuwafukuza.

Usiku wa Jumapili friji haikunyamaza. Lakini asubuhi tulikuta jambo lililonitia hofu kuliko lile la kwanza. Chupa moja ndogo ya maji, iliyokuwa imeegemea ukuta wa friji mahali mabomba ya baridi yapitapo, ilikuwa na barafu ndani. Kipimajoto cha katikati kilisema 4, wala hakikusema uongo. Ukutani palikuwa na baridi nyingine kabisa. Kama chupa ile ingekuwa insulini, ingeyeyuka saa mbili baadaye, nasi tungemdunga mwanafunzi maji yasiyo na nguvu huku tukijisifu kwamba friji yetu haikuzimika. Tangu siku hiyo dawa hukaa ndani ya kikopo chenye kifuniko, kikopo ndani ya kikapu, na kikapu kimening'inizwa juu, mbali na ukuta, na kipimajoto cha pili kimelala pamoja na dawa. Kipimajoto hiki cha pili ndicho kiandikwacho daftarini.

Mambo ya fundi

Mengine nitayataja kwa ufupi. Fyuzi iwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, si mwisho wa waya. Waya ukisugua bati mpaka ngozi ikatoka, fyuzi ndiyo itakayozuia moto. Rilei iwekwe kati ya betri ya gari na ya tela, ikate njia injini ikizimwa, ama sivyo friji itakunywa umeme wa gari na asubuhi mtasukuma. Betri ya asidi inapojazwa hutoa gesi ya haidrojeni, basi sanduku lake liwe na tundu la kutokea nje, mbali na jiko.

Friji ipumue. Joto inalolitupa lisipopata njia litazunguka na kurudi ndani, na kompresa haitalala tena. Tulikata tundu chini na tundu juu, tukaziba kwa wavu na kitambaa cha kuzuia vumbi, kitambaa kikung'utwe kila jioni. Juu ya paa tuliongeza bati jeupe, likiacha nafasi ya upana wa vidole vitatu kati yake na paa. Kazi hii ya bati ilituchukua asubuhi moja, nayo ilipunguza mzunguko wa kompresa wakati wa mchana kuliko nilivyotazamia. Hilo ndilo tundu la mtumbwi nililolisema.

Uzito nao una kanuni. Tela letu likijaa lina kilo kama 600, na sehemu moja katika kumi, yaani kilo 60 hivi, iegemee mahali linapofungwa kwenye gari. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela huyumba kama mlevi na laweza kuipindua gari. Betri na mapipa ya maji tuliyaweka mbele kidogo ya ekseli. Kisha kuna rasta za barabarani, ambazo hazivunji kitu kwa pigo moja bali hulegeza nati zote polepole. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Ndago tulikuta nati tatu zimeanguka ndani ya sanduku, na waya mmoja wa taa umekatika. Sasa kila nati ina alama ya rangi nyeupe. Alama ikihama, mwanafunzi wa zamu huiona.

Mama wa mwanafunzi aliitwa shuleni kabla ya safari ya pili. Safari hii sikumweleza habari nyingi. Nilimpa daftari la vipimo vya usiku wa majaribio, pamoja na ule usiku wa digrii 13 na ile chupa ya barafu, kwa sababu nilidhani ana haki ya kuviona. Alisoma ukurasa wote, akauliza nini kingefanyika kama friji ingezimika tena. Nilimwonyesha chupa mbili bapa za maji baridi, ambazo zingefungwa kwa kitambaa na kuzungushiwa kikopo cha dawa ndani ya sanduku la povu. Tuliwahi kulijaribu sanduku hilo likashika chini ya digrii 8 kwa saa saba. Gari lingeondoka kambini kabla saa hizo hazijaisha, na dereva angelala karibu na funguo. "Basi, Mwalimu," akasema, "nani atasoma kipimajoto usiku?" Nikamwambia ni zamu, na kwamba mwanawe naye yumo katika zamu.

Huko Kitangiri upepo ulikuwa mkali, siku ya tatu mawingu yakafunika jua mpaka saa 8 mchana, na betri ikashuka karibu na nusu. Tulizima taa, tukazuia simu za walimu, mimi nikiwa wa kwanza kulalamika. Kipimajoto cha kikapuni kilisomwa mara 40 kwa siku tano. Kipimo cha chini kilikuwa 3 na cha juu 7, nacho cha juu kilitokea mchana ule ambapo mpishi aliacha mlango wazi akitafuta maziwa. Daftari liko maktaba, kwa yeyote atakaye kuchora grafu yake.